Mpira Ni Yangu

Kosa lilikuwa langu. Nerima alipoletwa kwangu Nakuru akiwa na miaka mitatu, nilimfundisha kwamba katika nyumba hii hakuna "yangu", kuna "yetu". Akashika. Kufikia kidato cha pili, mjukuu wangu alikuwa na adabu mpaka akigonga mlango kwa bega, anauambia mlango pole.

Kisha ikaja voliboli. Mwalimu Gedion alimchagua kwa sababu ya urefu. Sasa, katika voliboli mpira ukija kati ya wachezaji wawili, mmoja lazima apaze sauti, "Yangu!" ili mwenzake ampishe. Nerima na rafiki yake Jepkemei walikuwa hivi:

"Chukua wewe."

"Hapana, wewe ndiye uko karibu."

Na mpira unaanguka katikati yao, puu, kama parachichi.

Mwalimu akanipigia simu. "Shosho, huyu mtoto ni mpole kupita kiasi. Jumamosi tunacheza na wasichana wa Olenguruone. Asipoita mpira hata mmoja, nitamtoa kwenye timu."

Nerima alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akililia kitu anachokitaka mwenyewe.

"Si useme tu?" nikamwuliza.

"Kukhu," akasema, maana kwetu bibi ndiye kukhu, "wataona niko na madharau."

Basi nikapika chapati. Nikawa nazirusha moja moja kutoka jikoni: asiyesema "yangu", hali. Siku ya kwanza Nerima alilala na chai tupu. Siku ya pili alinong'ona, na dada yake Mitchelle akala tano. Siku ya tatu akasema, "Yangu," kama mtu anayeomba msamaha.

"Tena umekosea," Mitchelle akamwambia. "Mpira ni 'wangu'. Ngeli ya U-I."

"Nikingojea ngeli, mpira utakuwa umeanguka."

Nilifurahi sana. Mtoto huyu hakuwa amewahi kumjibu mtu.

Jumamosi nilienda shuleni kwao na blanketi langu nikakaa karibu na wavu. Wasichana wa Olenguruone walipiga mipira kama watu wanaopasua kuni. Tukafika seti ya mwisho, ya pointi kumi na tano, wao kumi na nne, sisi kumi na tatu, na Nerima bado hajafungua mdomo. Mpira ukapaa. Jepkemei akamtazama Nerima. Nerima akanitazama mimi. Nikainua mkono kama ninayeshika chapati.

"YANGU!"

Mbwa wa bawabu aliamka. Jepkemei alipisha mpaka akalala chini. Nerima akaruka, akaupiga mpira kwa mikono miwili, nao ukaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya githeri ya wapishi.

Kumbe ulikuwa unatoka nje. Angeuacha, pointi ingekuwa yetu. Tukashindwa.

Nerima alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi. Msichana mmoja wa Olenguruone, kabla ya kwenda kushangilia na wenzake, alipita chini ya wavu, akamwinua, akampangusa magoti. Jina lake sikulipata, lakini mama yake amelea.

Nilimfuata Mwalimu Gedion nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumbembeleza. Hakunipa nafasi.

"Shosho, anabaki. Mpira wa nje na wa ndani nitamfundisha Jumatatu. Ile sauti ndiyo ilikuwa imenishinda."

Jioni nikapika chapati na ndengu. Tulikula mpaka ikabaki moja kwenye sahani. Tukaitazama wote watatu. Nikaona Nerima anavuta pumzi.

"Yangu!" nikasema.

Wakanigeukia wote wawili. Nina miaka sitini na tisa, na chapati ya mwisho sikuwa nimewahi kuila.

Mitchelle akafikiria kidogo. "Chapati ni I-ZI," akasema. "Kukhu amepata."

Nerima akacheka, akanisogezea bakuli la ndengu.