Paa Linalotoka Siku za Mvua
Saa mbili asubuhi, mjini Toledo, Bernadine Wozniak alikuwa akipaka mkate siagi wakati paa la nyumba yake lilipoinuka na kwenda zake. Akafungua mwavuli, akaendelea kula. Paa lilikuwa na desturi hiyo tangu Leland Tackett, fundi aliyeliezeka, alipofariki. Kila siku ya mvua lilikwenda kukaa juu ya nyumba ya mjane wake, Odessa, mtaa wa nne kutoka pale, maana ya kwake ilikuwa ikivuja. Jioni lilirudi.

Leland hakulipwa. Bernadine alimpa mkandarasi dola elfu nane za kazi ile, mkandarasi akazila zote, akafunga ofisi. Fundi wa watu akaandikisha zuio kwenye hati ya nyumba ili isiuzwe kabla hajapata haki yake. Pesa za wakili hakuwa nazo. Miaka sita ikapita, zuio likaisha muda, naye akafa.

Sasa Bernadine alilazimika kuuza. Mumewe, Walt, alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na asipolipiwa kufikia mwisho wa mwezi, wangemtoa.

"Zuio limekufa," karani wa hati alimwambia huku akipiga miayo. "Hudaiwi na mtu."

"Na paa?"

"Paa halimo kwenye faili, mama."

Mkaguzi wa nyumba akaja siku ya mvua, akatazama juu, akaandika: paa zuri, ila mvua ikinyesha halipo. Mnunuzi, Craig Dunlevy, akasoma, akakuna kidevu.

"Nipunguzie elfu nane tumalizane."

Jamani, Bernadine alikuwa amechoka. Mara mbili alikuwa amemwambia Odessa hawezi kulipia paa moja mara mbili. Sasa akapunguza. Elfu nane zilezile, kwa mtu ambaye hakugonga hata msumari mmoja. Aliona aibu, akatia saini.

Dunlevy alilifunga paa kwa boliti, kumi na mbili kila upande.

Mvua iliyofuata, simu ya Bernadine ililia.

"Leo halijaja," alisema Odessa. "Linaumwa?"

"Nimeuza nyumba, dada. Wamelifunga."

"Haya. Mzee Walt anaendeleaje?"

"Hajambo. Hawakumtoa."

"Afadhali. Subiri kidogo nikamwage ndoo, imejaa."

Bernadine akasubiri, simu sikioni.