Gari Jeupe la Kitabu cha Nne

...basi, inatosha, nasema, lakini Bi Philomena anamimina tu, jikoni kwake hapa Ennistymon chai haikataliwi, "Kunywa, Colmán, umekonda kama ufito, huko Dublin hamli?", nacheka, na vitabu vyangu vimepangwa juu ya redio, vyote kumi na kimoja, mauaji niliyoyatunga na kuyafumbua mwenyewe, magazeti yananiita fahari ya kaunti ya Clare, fahari, na asubuhi alipanga foleni maktabani na watu wengine ili nimtilie sahihi, kisha akaninong'oneza, pitia nyumbani, nina swali moja, nami nikajua, nikaja hata hivyo, miaka thelathini na miwili tangu binti yake Dervla atoke dansini asionekane tena... "Hiki cha nne," anasema, kidole kimebana ukurasa, "msichana anapanda gari jeupe, taa moja imekufa. Ulilitoa wapi?" nilibuni, nasema, ndiyo kazi yetu, na uso unaniwaka, sikubuni, nililiona kwenye kioo cha kutazamia nyuma, nikiendesha gari la baba, mvua inanyesha, mimi ndiye niliyemshusha Dervla njiani, eti alikicheka kisa changu cha kwanza kuandika, shuka basi, tembea, na gari lile likasimama kando yake, na polisi walipokuja nikasema sikumwona tangu dansini, nilikuwa na miaka ishirini, nilimwogopa baba, niliogopa maneno ya watu, mwisho nikaogopa kimya changu chenyewe, kisha nikakiuza... "Polisi walisema hakuna aliyeona gari," anasema, wala hafoki, afadhali angefoka, "nikajisemea, Colmán ana akili, labda kuna kitu amekinusa, ndiyo maana nimevisoma vyote, na macho yangu haya mabovu," vyote, Mungu wangu, alikuwa akimtafuta mwanawe humo, ukurasa kwa ukurasa, nami nikimuua upya kila baada ya miaka miwili, leo kwa sumu, kesho kwa kamba, nikipigiwa makofi... "Sikuulizi nani, mwanangu. Nataka kujua tu, huko ulikobuni, alikuwa na koti?" na hilo sikuliandika popote, koti lilibaki kiti cha nyuma, la kijani, mfukoni tikiti ya dansi, ningeweza kusema ndiyo, alikuwa nalo, zito la sufu, uongo mdogo wa huruma, ninao mwingi, umenilisha, lakini ananitazama kama mtu aliyesimama mlangoni tangu siku ile, na sina tena nguvu ya kubuni, hakuwa nalo, nasema, nililitupa mtoni mimi.