Aliyeoka Aje Nimlishe

Mdogo wangu Specioza aliniambia kwenye simu kwamba watu wa Mpanda hawali keki bila sherehe. "Dada, mpe mtu wa Kashaulili kipande cha keki siku ya Jumanne, atakuuliza nani kazaliwa." Nikamwambia anisikilize vizuri. Mimi ndiye ninayewaokea keki za kipaimara, za harusi, za jubilei za masista. Hao hao wanaokula Jumamosi watakula na Jumanne, wataacha wapi?

Nilikuwa na sababu ya kubisha. Mzee Melkiadi alikuwa na fremu ya duka inayotazama soko, na alinipa mpaka Ijumaa niseme naichukua au siichukui. Kuoka najua, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na sijaunguza keki tangu niolewe. Kahawa ndiyo siijui. Specioza ana miaka sita kwenye mikahawa ya Dar es Salaam, kwa hiyo nilitaka arudi nyumbani tuanze kafe wote. Bila yeye sikuona hiyo fremu ningeifanyia nini.

"Njoo kwanza uone kafe zenyewe," akasema. Nilimwelewa. Alitaka nije, nione, niogope, nimwache. Mimi si mtu wa kuogopeshwa na keki, nikapanda basi.

Alianza kunipeleka mkahawa mmoja wa Masaki. Keki ilikuwa na maua juu kama kaburi la tajiri, na ndani ilikuwa kavu mpaka nikaomba maji. "Hii imelala kwenye friji siku tatu," nikasema, wala sikushusha sauti. Specioza akajifanya anasoma simu. Mkahawa wa pili ulikuwa Mikocheni. Kahawa ya pale sina la kusema, mhudumu alichora jani kabisa juu ya povu, lakini keki ilinuka mafuta.

"Nyie watu wa nyumbani mnapenda kukosoa," Specioza akasema.

"Na wewe wa wapi?"

Akamwita mhudumu alete bili.

"Haya, sasa nipeleke unapofanya kazi wewe."

"Pale hapana, dada. Ni padogo."

"Padogo ndipo pazuri. Twende." Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa kwetu, nikisema twende watu huwa wanatembea.

Ilikuwa nyumba ya zamani Upanga, meza sita tu. Mzee mmoja alikuwa anasoma gazeti huku anakula keki yake taratibu, peke yake, Jumatano, na hakuna aliyezaliwa. Nikamwonyesha Specioza kwa kidevu ili aone. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Keki ikaja, nikaonja. Nikaweka uma chini.

Sitaki kudanganya, iliishinda yangu. Ilikuwa laini, ina unyevu wake, na utamu wake haukuwa wa sukari. Ilikuwa asali, tena ya Ugalla, maana ile ina kamoshi kake ambako siwezi kukosea. Nikajisemea kumbe asali yetu imefika mpaka huku.

Sasa kwetu keki ikikatwa mtu hali kimya kimya. Mwenye shughuli analisha wazazi, analisha wasimamizi, halafu aliyeoka anaitwa mbele naye alishwe, na watu wanampigia vigelegele. Ndivyo anavyoshukuriwa. Mimi nilisahau kabisa niko wapi. Nikakata kipande, nikakichoma na uma, nikasimama.

"Jamani, nani kaoka hii? Aje mbele nimlishe."

Mzee akashusha gazeti. Wahudumu wawili wa kaunta hawakunitazama mimi, walimtazama Specioza.

"Wewe?" nikamuuliza.

"Mwaka wa tatu sasa, dada. Asali ni hiyo hiyo unayonitumia ya kunywea chai."

Hasira ilinipanda. Kila Jumapili tunaongea, na kila Jumapili ananiambia anahudumia wateja. Nikakaa, uma bado mkononi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza nimeweka mayai mangapi. Ungeniambia nipunguze moto." Hakupandisha sauti. Nafikiri maneno hayo alikuwa nayo siku nyingi. "Nyumbani hukuwahi kuniachia nichanganye unga mwenyewe, hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa. Hapa wananiita mwokaji. Nikirudi Mpanda nitakuwa mdogo wake Gaudensia. Sirudi, dada."

Iliniuma. Nilikuwa na mengi ya kumjibu, kwamba mama alipofariki nani alimlea, nani alimbembeleza usiku. Yote ni kweli. Lakini na habari ya unga ni kweli. Sikumwachia. Nilitaka kila keki itakayotoka katika nyumba yetu iitwe yangu.

Nikamsogezea uma mdomoni. Alikataa kwa macho, akageuka kuangalia watu, halafu akafungua mdomo. Mzee wa gazeti akapiga makofi. Specioza alitafuna huku machozi yanamtoka, na mimi pia yalinitoka, sioni haya kusema.

Nikampigia Mzee Melkiadi pale pale. "Fremu naichukua. Ndiyo, peke yangu." Akaniuliza, na kahawa nani atachemsha? Nikamwambia aniandalie funguo, hayo mengine aniachie mimi.

"Nina siku mbili kabla ya basi," nikamwambia Specioza. "Nifundishe kahawa."

Alinitazama aone kama natania. Kisha akainuka, akanifunga aproni yake mwenyewe, akanisimamisha mbele ya mashine. Kikombe changu cha kwanza alikionja kidogo, akakimwaga kwenye sinki.

"Bado," akasema. "Rudia."

Nikarudia.