Kidole cha Guerschom

Bisimwa aliandika, akafuta, akaandika tena. Jamani, sentensi moja tu inamtoa mtu jasho namna hii? Nje, Katwe nzima, mtaa wa mafundi vyuma wa Kampala, iligonga vyuma.

Geti waliloliuza Makindye lilikuwa limeng'oka bawaba na kumvunja mlinzi mguu. Mwenye nyumba alitaka maelezo ya Kiingereza leo hii, pamoja na jina la mtu wa kupelekwa polisi. Karakana nzima, mwenye Kiingereza cha kuandika alikuwa Bisimwa peke yake.

"Andika tunamnyooshea kidole Guerschom, si ndiye mchomeleaji?" aliagiza bosi Opoka. "Waingereza ndivyo wanavyosema. Inapendeza."

Inapendeza, eti! Bisimwa aliujua ule msemo. Ni kweli Mwingereza akilaumu hunyoosha kidole, lakini ukiuandika hivyo, msomaji mjanja humtazama kwanza mwenye kidole: na huyu anaficha nini?

Naye Bisimwa mwenyewe alikuwa anaficha jambo. Pale karakanani bawaba hushikizwa kwanza kwa vitone viwili vya moto, kisha huchomelewa kabisa, ndipo rangi ipakwe. Ukiona rangi, ujue kazi imekwisha. Siku ile lori lilipiga honi weee, Guerschom alikuwa ameenda kula, na Bisimwa, kwa haraka zake, akapaka rangi juu ya vitone. Guerschom aliporudi alikuta geti linang'aa. Akashukuru kwamba wenzake wamemmalizia, akalipakia.

Sasa huyo hapo mlangoni, Guerschom mwenyewe, na kidau cha wino mkononi.

"Kaka, bosi anasema niweke dole gumba."

"Ngoja nikusomee kwanza," Bisimwa alisema.

"Ya nini? Si umeandika wewe?"

Akachovya dole. Masikini, hata hakuitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Kwa aibu Bisimwa akaikwapua karatasi, na dole likapiga meza tupu.

"We! Vipi tena?"

"Ni ya kukupeleka polisi, kaka. Ina jina lako. Na rangi nilipaka mimi."

Guerschom alifuta dole kwenye suruali.

"Na ulikuwa uniache niweke?"

Bisimwa alichukua karatasi nyingine, akaandika habari ya vitone na rangi, na jina lake mwenyewe juu kabisa. Kisha akaisogeza mezani ili Guerschom aweke dole kama shahidi.

Guerschom alirudisha mkono nyuma.

"Sasa nisomee," alisema. "Neno kwa neno."