Kiti cha Mlangoni

Mwalimu Zedekia Thembo alikuwa mtu wa kuangalia. Kwa miaka kumi na mmoja aliondoka Kasese kila asubuhi kwenda kufundisha hesabu Bwera, akarudi jioni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusinzia garini. Wenzake walilala midomo wazi kabla ya kufika Muhokya. Yeye alikuwa macho. Kwa jinsi dereva alivyobadilisha gia alijua kama ameamka vibaya na mkewe. Alijua nani ameficha samaki wa Kahendero chini ya kiti kabla harufu haijawafikia wengine. Utotoni, reli ya Kasese ilipokuwa bado hai, alikuwa akikaa stesheni kutazama abiria wanavyoshuka, akibuni nani ametoka wapi na ana shida gani. Treni zikakoma, nyasi zikaota kwenye reli, lakini yule mtoto hakuacha mchezo wake. Alijisifu nao sana, na tumwache ajisifu kidogo, maana baada ya siku ninayoisimulia hakujisifu tena.

Alichokijua vizuri kuliko yote ni siri ya steji ya Bwera, kituo cha hapo Kasese yanakopakia magari ya kwenda Bwera. Magari ya njia ile ni madogo, na hakuna mtu anayependa kuingia gari tupu, kwa sababu gari tupu maana yake ni kungoja mpaka jua likuchome. Kwa hiyo steji ina wajazaji. Hao ni watu wanaokaa ndani kama abiria, wanapiga miayo, wanatazama saa, wanamlalamikia dereva kwamba anawachelewesha. Mgeni akichungulia anaona imebaki nafasi moja tu, anajirusha ndani. Akishakaa, mmoja anakumbuka ameacha kitu dukani, anashuka. Kisha wa pili anaitwa na mtu asiyeonekana. Mgeni anabaki na dereva, wanatazamana.

Hodari wao alikuwa Loyi, mama wa makamo mwenye kitenge cha bluu na kikapu ambacho hakikuwahi kuwa na kitu. Loyi alikaa kiti cha nyuma, mlangoni, siku zote, maana kazi yake ilikuwa kushuka. Angeweza kulalamika mpaka ukamhurumia, kisha ukageuza shingo mara moja tu, hayupo, yuko gari la pili analalamika upya.

Na shughuli hiyo ilikuwa na adabu yake. Msafiri wa kila siku hamsalimu mjazaji akiwa kazini. Ukimwita kwa jina umemwaga mchuzi wake, kwa kuwa mgeni atashtuka na kushuka. Thembo na Loyi walipokutana sokoni walisimama wakaulizana habari za watoto na za magoti. Lakini Loyi akiwa garini, jicho la mwalimu lilimpita kana kwamba amekaa kiti kitupu, na la Loyi vilevile. Hawakuwahi kukosea, na mwalimu aliliona jambo hilo kuwa heshima kubwa kati yao.

Jumatatu moja alifika steji na bintiye Olivia. Olivia alikuwa amehitimu uuguzi na ndiyo siku yake ya kwanza ya kazi kwenye kituo cha afya huko Bwera. Alitakiwa awe amefika saa tatu kamili. Alikuwa amebeba gauni lake jeupe mkononi, limepigwa pasi, hataki hata baba yake aliguse. Bahati mbaya asubuhi hiyo magari yalikuwa machache. Askari wa barabarani walikuwa wakikagua magari njia nzima, na madereva wengi walikuwa wamejificha na matairi yao yaliyolika. Yale machache yaliyokuwapo hayakuwa na abiria, na kungoja yajae kungemchelewesha.

Hapo ndipo mwalimu alipoliona gari la kijivu limesimama mbele kidogo ya steji, karibu na kituo cha mafuta. Hakulijua gari lile wala dereva wake. Mbele alikaa mwanamume mmoja mwenye kofia, nyuma mwingine mwenye koti zito, na mlangoni, na kitenge chake cha bluu, Loyi. Moyo wa mwalimu ukatulia palepale. Kama Loyi yumo, gari ni la steji. Dereva akasema imebaki nafasi moja tu, ikijazwa wanaondoka. Watu wanne na dereva, Olivia akiwemo, katika njia ambayo gari kama lile hubeba saba na wanane! Mwalimu aliliona hilo, na badala ya kujiuliza, akafurahi kwamba gauni la mwanawe halitakunjika.

Akamwambia Olivia aingie, yeye atakuja na gari linalofuata. Akafungua mlango akangoja Loyi ashuke.

Loyi hakushuka. Alisogea katikati, akampisha Olivia akae mlangoni. Mwalimu akadhani amemwonea huruma yule msichana na gauni lake, au labda leo atashuka kwa ujanja mwingine. Kisha Loyi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na mmoja. Alimtazama usoni, akasema taratibu, "Mwalimu Thembo, umeamkaje?"

Mwalimu aliudhika. Alifikiri, mama huyu amezeeka, anaharibu kazi yake mwenyewe mbele ya watu. Akafanya kama hakusikia. Akageuza macho upande wa kituo cha mafuta, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na gari likaondoka.

Alisimama pale akingoja kumwona Loyi anarudi kwa miguu, kikapu mkononi, kama kawaida yake akishushwa mbele ya kona. Dakika tano zikapita. Abdunoor, mzee anayepanga magari ya steji, akapita akiuliza kwa nini gari la Onen halijai, na Loyi yuko wapi. Mwalimu akamwambia Loyi ameondoka na lile gari la kijivu.

Abdunoor akamtazama. "Gari gani? Ile haiko ya steji, mwalimu. Mimi sikuiita."

"Loyi alikuwa ndani."

"Loyi anaitwa na kila mutu. Ukimwambia kuja ujaze, anakuja. Lakini Loyi haendi Bwera. Ataenda kufanya nini Bwera?"

Mwalimu akampigia Olivia simu. Iliita mara moja, ikakatwa. Akapiga tena, haikupatikana. Onen, dereva wa miaka mingi wa njia ile, alikuwa amesikia yote akiwa kwenye usukani. Aliwashusha wajazaji wake wawili, akamwambia mwalimu apande mbele, na kwa mara ya kwanza watu wa steji wakaona gari la Bwera likiondoka na abiria mmoja.

Njia ile aliijua kama nyumba yake, na asubuhi hiyo ilimtisha. Muhokya, wauza nyanya walikuwa wamekaa palepale wanapokaa. Gari la kijivu? Ndiyo, limepita, mbio sana. Mbele ya hapo nyumba zinaisha na nyasi za mbuga zinaanza, mpaka upeo, na swala wanakula bila kuinua vichwa. Mwalimu alikuwa ameitazama mbuga hiyo kila siku bila kufikiria kwamba mtu akiingizwa humo, barabarani hakuna atakayemwona. Alisali kwa Kikonzo, maneno ya mama yake, na mengine aliyasahau katikati. Onen alikanyaga mafuta.

Kikorongo njia inagawanyika. Kulia unakwenda Bwera. Moja kwa moja unakwenda Katunguru, darajani. Pale chini ya kibanda alisimama askari jeshi mmoja na bunduki begani. Onen alipunguza mwendo akamwita afande, akauliza.

"Kijivu? Imeenda Katunguru," askari akasema. "Nyinyi munataka nini nayo?"

Gari lililosema linakwenda Bwera lilikuwa limekwenda Katunguru. Mwalimu akamweleza haraka, na askari akaanza kuita wenzake wa darajani kwa redio. Onen hakungoja jibu. Akaendelea moja kwa moja.

Walimkuta Olivia kilomita tatu mbele. Alikuwa amekaa kando ya lami, magoti kifuani, gauni jeupe limefumbatwa, limejaa matapishi. Mwalimu aliruka kabla gari halijasimama. Akampapasa kichwa, mikono, akamwita jina lake la utotoni. Alikuwa mzima. Alikuwa anauliza tu, "Baba, yuko wapi yule mama?"

Aliyaeleza yote papo hapo, vipande vipande. Walipotoka steji tu, mwenye kofia alimwambia yule mama ashuke, kazi yake imekwisha. Gari lilisimama kabisa kumshusha. Mama akakataa. Akasema leo naye anakwenda Bwera, ana mgonjwa. Wakabishana, kisha dereva akasema basi, aende. Njiani wale wanaume walisema lugha ambayo Olivia hakuijua, na aliposhika simu yule mwenye koti akamnyang'anya. Hapo mama akauchukua mkono wa Olivia akauweka juu ya kitasa cha mlango. Akamnong'oneza kwa Kikonzo asiuondoe hapo hata iweje, na atapike.

Kisha akaanza kupiga kelele kwa Kiswahili. Alisema huyu msichana ni nesi, ametoka kuwauguza wagonjwa wa ule ugonjwa wa kutapika damu kutoka ng'ambo ya mpaka, alimwona tangu steji ana homa, anatapika, watakufa wote humu ndani. Watu wa Kasese na Bwera hawahitaji kuelezwa ule ugonjwa. Wote wamewahi kunawa kwa maji ya dawa mpakani, wote wamepimwa joto la paji la uso, wote wanajua majirani waliozikwa bila kuguswa. Olivia, kwa hofu, alitapika kweli, juu ya gauni na juu ya kiti. Yule mwenye koti alijibana kwenye mlango wake. Dereva akafunga breki, wakamfokea atoke, hakuna aliyethubutu kumgusa. Olivia akafungua mlango akaanguka nje.

"Yule mama naye alikuwa anatoka, baba. Mguu mmoja ulikuwa tayari chini. Yule mwenye koti akamshika kitenge. Akasema huyu anatujua."

Mwalimu akatazama lami inayoelekea Katunguru. Haikuwa na kitu.

Wanajeshi wa darajani walisema hakuna gari la kijivu lililofika. Polisi waliingia mbuga na askari wa wanyamapori, wakafuata alama za matairi mpaka zilipopotea kwenye mawe. Siku ya tatu walipata kikapu. Siku ya kumi waliacha kutafuta, ingawa hakuna aliyetamka hivyo. Steji ilisema mengi, kwamba walikuwa wezi tu, kwamba walikuwa wanapeleka wasichana mbali, kwamba lilikuwa jambo baya zaidi. Hakuna aliyejua. Watoto wa Loyi walikuja kwa mwalimu kuuliza mama yao alisema nini mara ya mwisho, akawaambia, na alipofika kwenye ile salamu, ambayo sasa alijua ilikuwa onyo, akalia mbele yao bila kujificha.

Jumatatu ya pili baada ya siku ile alirudi steji, maana watoto wa hesabu walikuwa wanamngoja. Gari la Onen lilikuwa limebakiza nafasi moja. Mlangoni, mahali pa Loyi, alikaa mjazaji mpya, mtu anayeitwa Drani, anapiga miayo na kutazama saa. Wageni wawili walikuwa tayari wameshika mlango.

Mwalimu Thembo aliinama dirishani. "Drani, umeamkaje?" akasema kwa sauti ya darasani. "Nyumbani hawajambo?"

Drani akageuza uso kama hakusikia. Mwalimu akarudia, kwa sauti zaidi, akangoja mpaka Drani akamtazama na kuitikia. Wageni wakatazamana, wakaachia mlango, wakaondoka. Abdunoor alikuja mbio, amekasirika, akamshika mkono akamvuta pembeni, akamuuliza tangu lini amekuwa mutu wa kuharibia wenzake kazi.

"Loyi alinisalimia, nami sikumwitikia," mwalimu akasema. Kisha akaenda kwenye gari la pili, akainama dirishani.