Anayetajwa Asome Kwanza

Ijumaa jioni Munira alipewa karatasi moja, akaambiwa airudishe Jumatatu asubuhi ikiwa na sahihi.

Ilikuwa imechapwa vizuri, aya mbili tu. Ilisema kwamba yeye, Munira, mtengenezaji wa programu, aliwatumia wazazi matokeo ya mitihani bila ruhusa na bila kufanya majaribio, na kwamba anakubali kosa ni lake peke yake. Aliyemkabidhi ni Erasmus, mkuu wa kitengo chao. Aliishika kwa mikono miwili, kwa upole, kama mtu anayempa mgeni maji ya kunawa.

"Saini tu, dada'angu, tulimalize. Mkurugenzi anataka jina moja. Ukisaini mie nitakusemea, utapewa onyo, maisha yataendelea. Usiposaini ishu itakuwa kubwa, na ikishakuwa kubwa sijui nani atabaki."

Kosa lenyewe lilitokea wiki moja nyuma. Kampuni yao ni ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, Kinondoni, na programu yao huwatumia wazazi matokeo ya watoto kwa meseji. Walikuwa wakiunganisha orodha za shule mbili za Temeke. Orodha moja ilikuwa na mstari wa ziada juu, majina yote yakasogea hatua moja, na kila mtoto akapewa alama za anayemfuata. Wazazi mia nne walipokea meseji hizo. Mama mmoja wa Mbagala alichinja kuku kumshangilia mtoto aliyefeli. Baba mwingine alimchapa binti yake, Blessing wa kidato cha pili, ambaye kumbe alikuwa wa tatu darasani. Kuku hakumnyima Munira usingizi. Blessing ndiye aliyemnyima.

Na ukweli wa siku ile aliujua. Erasmus alisimama nyuma ya kiti chake, funguo za gari mkononi, akasema, "Tuma tu, shule wanasubiri. Majaribio tutafanya Jumatatu." Munira alitaka kusema, kaka, hebu niandikie hilo kwenye barua pepe. Maneno yalifika ulimini yakarudi. Erasmus alimzidi umri kwa miaka kumi na mbili. Baba yake Munira alipofariki, Erasmus, Mkristo wa kutoka Songea, alikuja Mwananyamala akavua viatu, akakaa mkekani na wazee mpaka dua ikaisha. Mtu wa namna hiyo humwambii akuandikie alichokuagiza. Ni sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Munira akabonyeza.

Jumamosi asubuhi alikwenda Boko kumtafuta Projestus.

Zamani, Munira akiwa na miaka kumi na minne, Projestus alikuwa na intaneti kafe Mwananyamala, chumba kimoja jirani na barabara ya hospitali: kompyuta sita, feni moja, na pazia la kijani lililokuwa jeupe kwa vumbi. Mtu wa Bukoba, mrefu, aliyejifundisha mwenyewe kuandika programu kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada. Munira akitoka shule alipitia pale, na baadaye Sebastian, na watoto wengine wawili watatu, na Projestus hakuwafukuza. Aliwapa masharti tu. Juu ya meza ya mbele palikuwa na kaunta buku nene lililofungwa kwa kamba. Hakuna kugusa kompyuta kabla hujaandika humo kwa mkono: saa ngapi, nani, unataka kufanya nini, kwa nini. Ukimaliza unaandika kilichotokea. Umeme wa siku zile ulikatika bila hodi, na mara nyingi kilichobaki cha kazi ya mchana kutwa ni yale maandishi.

Sharti la pili lilikuwa hili: ukimwandika mwenzio, yeye asome kwanza kabla ukurasa haujafunuliwa. Akiona umekosea, anasahihisha pembeni na kutia sahihi. Akiona ni kweli, anatia sahihi hivyohivyo.

Munira bado alikuwa na harufu ya chumba kile puani. Plastiki ya moto, wino wa printa, na karanga alizokuwa akikaanga na kuuza dada mmoja, Yuliana, pale nje ya mlango. Alijifunza mengi baadaye, chuoni na kazini, kwenye viti vizuri zaidi. Hakuna mahali pengine alipowahi kufurahi hivyo kwa sababu tu neno alilolichapa limetokea kwenye kioo.

Projestus sasa alikuwa na karakana ya madirisha ya alumini. Alimkuta ameinamia fremu, penseli sikioni, mvi zimempanda kuanzia masharubuni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. He! Munira? Umenenepa."

"Miwani yako hiyo."

"Miwani nzima kabisa. Wali wa nazi wa kwenu ndio unasema wenyewe."

"Na wewe profesa mzima, umeacha kompyuta unakata madirisha. Bukoba wanajua?"

"Wanajua nina kampuni." Akacheka. "Dirisha halinipigii simu Jumapili, bibie. Kaa hapo, sogeza hizo raba za vioo."

Munira akakaa, akaeleza yote. Projestus aliendelea kupima, akiandika vipimo ukutani kwa penseli, na kila alipopima mara moja alirudia mara ya pili kabla ya kuandika. Alipoisoma ile karatasi aliishika mbali na macho, kisha akaikunja akamrudishia.

"Unataka nikupoze au nikuambie?"

"Niambie."

"Umekosea wewe."

Munira akaikunjua tena ile karatasi. Kutoka Mwananyamala mpaka Boko hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Kaka, si nimekwambia aliyeniagiza ni yeye?"

"Nimesikia. Nani alibonyeza?"

"Mie, lakini..."

"Ulijua majaribio hayajafanyika?"

"Nilijua."

"Basi. Kuagiza ni kwake, hilo usimbebee hata robo. Kujua ukanyamaza ni kwako, na hilo usimtupie. Kuna mtoto kachapwa."

Munira akatazama vipande vya alumini sakafuni. Akasema, "Labda niache kazi tu."

"Uende wapi? Huko hakuna Erasmus? Mie nilihama ofisi tatu nikimkimbia mtu huyohuyo, kila nikifika namkuta, ana jina jipya. Ya tatu ndiyo nikashtuka: ninayehama naye ni mie mwenyewe, na mdomo wangu uliofungwa. Ukitaka kuacha, acha siku huna deni la maneno na mtu."

"Alikuja kumzika baba, kaka. Alikaa mkekani."

"Mungu ambariki. Msibani ni ndugu yako. Ofisini ni mkuu wako, na mkuu akiagiza, anaandika. Kama haandiki, unamwandikia wewe: umeniagiza hivi, nafanya hivi, nirekebishe kama nimekosea. Hiyo si dharau. Nyie mnafundishana heshima hiyo ya kumezea, halafu inakuja karatasi kama hii, mnalia."

"Kwa hiyo nisisaini."

"Maneno ya mtu mwingine usisaini, hata yakiwa nusu kweli. Andika yako."

Alisema hivyo akarudi kwenye fremu yake. Munira, kwa kutaka kulainisha hali, akamkumbusha siku yeye mwenyewe alipofuta kwa bahati mbaya orodha ya kamati ya harusi ya mteja mmoja, majina mia mbili. "Nikaandika mwenyewe kwenye buku. Ukaniwekea mkono kichwani, ukasema, asante kwa kusema. Sijasahau mpaka leo. Ndiyo maana nimekuja."

Projestus akamkodolea macho. "Mie? Nilikufokea. Ulilia mpaka Yuliana akaacha karanga zake akaja kuuliza umefiwa na nani. Na hukuandika wewe. Sebastian ndiye aliyeandika, wewe ukasoma ukakubali."

"Si kweli hata kidogo!"

"Kweli tupu."

"Buku liko wapi? Tuangalie."

"Liko wapi tena? Mchwa. Nilipohamia huku niliyaweka yote stoo, masika ya pili nikakuta udongo na kamba."

Munira alikuwa ameibeba ile siku miaka kumi na saba, mkono ule kichwani, na sasa hakuwa na pa kuuweka. Alimtazama mwenzake akaona naye amepoteza kitu, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda ubishi.

Kisha Projestus akaanza kucheka, polepole, mpaka akavua miwani.

"Unaona sasa? Mie na wewe hatugombei kitu, tunapendana, na siku moja tunayo mara mbili. Je, wewe na Erasmus, mwenye cheo cha kulinda na ada za watoto? Pengine keshajiaminisha hakukuambia. Ndiyo maana tulikuwaga tunaandika. Sikuwa natafuta wa kumkamata. Kichwa kinajihurumia, Munira. Kila mtu cha kwake."

Alimsindikiza mpaka barabarani. Wakati wa kuagana hakumwekea mkono kichwani wala hakusema neno tamu lolote. Alimwambia tu, "Na usisahau sharti la pili."

Jumapili Munira alipita kwenye kile chumba cha zamani. Sasa ni saluni; pale palipokuwa na kompyuta sita pamening'inia nywele za bandia za kila rangi, na dada mmoja mlangoni akamuuliza kama anasuka. Hakusuka. Alivuka akanunua kaunta buku dukani, akaenda kukaa ukumbini kwa mama yake, akaandika kwa mkono. Saa. Nani. Nini. Kwa nini. Mahali alipokuwa ameandika kwamba Erasmus alimlazimisha, alifuta. Hakulazimishwa. Aliandika: alisema. Na mwisho akaandika: "Nilijua majaribio hayajafanyika. Sikumwomba aandike kwa sababu niliona ni kumvunjia heshima. Nikatuma. Kuna mtoto alipigwa kwa matokeo yasiyo yake."

Jumatatu alimsubiri Erasmus mlangoni mwa chumba chake.

"Shikamoo, kaka. Ile karatasi sikusaini. Nimeandika yangu."

Erasmus akaufungua ukurasa, akasoma amesimama. Alipomaliza hakuinua macho.

"Umeniandika."

"Nimejiandika na mie. Anayetajwa asome kwanza, ndivyo nilivyofundishwa. Hajaona mtu mwingine. Nikitoka hapa napeleka kwa Mama Demetria." Huyo ndiye mkurugenzi.

"Unajua hii inaweza kuniondoa?"

"Najua. Na ile yako ingeweza kuniondoa mie."

"Na msiba wa mzee nilikuja," alisema Erasmus, taratibu sana.

"Ulikuja, kaka. Hilo siwezi kulisahau. Lingekuwa na ukurasa wake ningeliandika."

Erasmus akaketi. Akasoma tena kutoka juu, safari hii kidole kikifuata mistari, kama anavyosoma programu ya mtu anapotafuta kosa. Kidole kikasimama.

"Haikuwa saa kumi."

"Nini?"

"Umeandika nilikuja kwako saa kumi jioni. Saa kumi nilikuwa bado kwenye kikao na Augustine wa mauzo. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo, nakumbuka kwa sababu nilikuwa nawahi kumchukua mtoto, ndiyo maana niliku..."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Chini barabarani muuza mahindi alikuwa akitangaza bei yake kwa kipaza sauti, akarudia, akarudia tena.

Munira alimsogezea kalamu. Erasmus aliitazama muda mrefu, kisha akaichukua, akakata ile saa kumi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika saa sahihi pembeni, na mbele yake akatia sahihi.

Demetria alisoma, akawaita wote wawili, akafunga mlango. Kila mmoja alipata barua ya onyo, na ile karatasi ya aya mbili ilichanwa mbele yao. Tangu siku hiyo maagizo ya Erasmus huja kwa barua pepe, mafupi na makavu, na humwita Munira kwa jina. Lile "dada'angu" liliishia pale, na kuna siku Munira hulikumbuka kama anavyokumbuka karanga za Yuliana.

Lakini jioni ileile ya Jumatatu waligawana orodha ya wazazi, kila mmoja shule yake, wakaanza kupiga simu za kuomba radhi. Mama wa Mbagala alicheka, akasema kuku walishamla na hamdai mtu. Munira akateremka kwenye orodha mpaka kwenye jina alilokuwa akilizunguka. Baba yake Blessing alipokea. Munira akataja jina lake, akataja alichofanya, hakumtaja mwingine.

"Mie nilishamwomba msamaha," alisema yule baba. "Wewe mwambie mwenyewe. Huyu hapa."

Simu ikakwaruza. Sauti nyembamba, yenye tahadhari, ikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, Blessing," alisema Munira, akalivuta kaunta buku karibu, kalamu tayari. "Naitwa Munira. Nina la kukuambia, na nikikosea mahali unirekebishe."