Migomba ya Mukandori

Wajukuu, jibuni hiki: ni mugeni gani anafukuzwa, na papo hapo mulango unafungwa asitoke? Musihangaike. Ni Sebarenzi.

Serikali ya wakoloni yenyewe ilimutoa Rwanda, ikamupa shamba huku kwetu, Lushebere mulimani. Mwaka wa 1951 akashuka Kashebere kuuza viazi bila ruhusa ya kusafiri, polisi wakamukamata. Bwana ajenti, muzungu mwenye kutawala posti ile ya serikali, mutu wa akili nyingi mno, akasema: "Arudishwe Rwanda!" Rwanda wakajibu kilima chake kilishapewa wengine, hawamutaki. Basi Bwana, kwa huruma yake, akaamua Sebarenzi angojee safari ndani ya kasho, ile jela ya posti. Safari gani? Labda ya mbinguni.

Mukandori, muke wake, alikuwa anamuletea chakula, mimba ikiwa kubwa. Kwao baba njo anapatia mutoto jina, si mwingine.

"Papa Barthélemy," akamuuliza polisi wa mulango, "sheria inasema nini?"

"Inasema mugeni anafungwa akingojea kurudishwa tu. Kama hakuna pa kumurudisha, afunguliwe. Lakini Bwana anaiheshimu sana ile sheria, Mama. Hata kuigusa hagusi."

Kesho yake Mukandori akafika na jembe na machipukizi ya migomba, akaanza kupanda kando ya ukuta wa kasho.

Barthélemy akaruka. "Mama! Maharagi ni ya musimu. Mugomba mutu anapanda mahali pa kubaki!"

"Si njo tunabaki? Muke anajenga kwenye mume wake iko."

Habari ikamufikia chifu Léopold, mwenye udongo ule. Akakuja mbio, kofia mukononi.

"Bwana, nilikupa lini ruhusa ya kugawa udongo wangu? Huyu ukimuweka hapa siku zote, si amekuwa mukaaji?"

Bwana akawa mwekundu kama pilipili. Na tazama maajabu: ile sheria ikamurudilia yote kichwani, akaisema bila kukosea hata neno. Mulango ukafunguliwa.

"Toka! Nenda!"

"Niende wapi, Bwana?" Sebarenzi akauliza.

"Kwako! Lushebere!"

Mukandori akaegemea jembe. "Chifu hajasikia vizuri, Bwana. Na yeye ashuhudie."

"Kwake ni Lushebere!" Bwana akapaaza sauti. "Na mung'oe hii migomba!"

"Aa, Bwana," Mukandori akajibu, "sisi tumeshafukuzwa. Kazi ya hapa si yetu tena."

Wakapanda mulima pole pole, kwa sababu ya lile tumbo. Mutoto alizaliwa Lushebere, na baba yake njo alimupatia jina.